Dakika ulizozungumza na dakika ulizokatwa

Mjini Goma, mashariki mwa Kongo, malalamiko kuhusu uniti husikika karibu kila siku mbele ya kabini za wauzaji wake. Mtu amenunua kifurushi cha dakika asubuhi, amepiga simu chache ambazo kwa maoni yake zilikuwa fupi, na kabla ya jua kuzama mtandao unamwambia kwamba dakika zimekwisha. Mwenye kabini huulizwa kana kwamba yeye ndiye aliyezikata. Wengine hufungua simu zao, hujumlisha muda wa kila mazungumzo, hupata dakika chini ya saba mahali ambapo walinunua kumi, na huhitimisha kwamba dakika tatu zimeibwa. Shutuma hiyo si ndogo, kwa sababu fedha ya uniti katika familia nyingi hutoka kwenye mfuko uleule wa unga na makaa. Hata hivyo, kabla ya kuikubali au kuikataa, ni lazima kujua kwamba dakika zinahesabiwa mara mbili, mahali pawili tofauti na kwa kanuni tofauti, na kwamba hesabu inayoonekana kwenye kioo cha simu siyo ile inayopunguza salio.

Tuanze na maneno yenyewe. Uniti ni salio kuu, yaani fedha uliyokwisha kuilipa kampuni ya mtandao kabla ya kutumia huduma yoyote. Katika nchi yetu uniti zimezoeleka kupimwa kwa dola ya Marekani, uniti moja ikiwa sawa na senti moja, ndiyo maana faranga zilezile hununua uniti nyingi au chache kufuatana na bei ya dola. Kifurushi ni huduma iliyonunuliwa kwa jumla kwa kutumia uniti hizo: dakika kadhaa, ujumbe kadhaa au mega kadhaa za intaneti, vyote vikiwa na muda wa mwisho wa kutumika. Dakika za kifurushi haziko katika salio kuu. Zina salio lao peke yao, na mara nyingi salio hilo nalo limegawanyika: dakika za kupiga ndani ya mtandao mmoja, dakika za kupiga mitandao mingine, na dakika za zawadi ambazo pengine hutumika saa fulani tu. Mtu anayeuliza kwa nini dakika zake zimekwisha anapaswa kwanza kujua ni dakika za salio lipi.

Sasa tuitazame hesabu ya kwanza, ile ya simu yenyewe. Kila mazungumzo yanapoanza, simu huanza kuhesabu sekunde tangu aliyepigiwa alipopokea, na inaacha kuhesabu mmoja wenu anapokata. Muda wa kuita hauhesabiwi. Kwenye simu za Android, muda huo hupatikana kwa kufungua programu ya kupigia simu, kwenda kwenye orodha ya simu za karibuni, kugusa jina au namba, na kufungua historia au maelezo yake. Hapo kila mazungumzo huonekana na saa yalipoanza, kama ulipiga au ulipigiwa, na yalichukua dakika na sekunde ngapi. Ikiwa simu yako ina laini mbili, kama ilivyo kwa watu wengi wa hapa ambao hubeba laini ya kila mtandao ili kukwepa gharama ya kupiga mitandao mingine, tazama pia alama ndogo ya namba moja au mbili inayoonyesha ni laini gani iliyotumika. Watu wengi hujumlisha mazungumzo ya laini zote mbili kisha wakalinganisha na kifurushi cha laini moja, na hapo hesabu haiwezi kukubaliana hata kidogo.

Android ya kawaida haikupi jumla ya dakika za mwezi. Baadhi ya watengenezaji wa simu wameiongeza, wengine hawakuiongeza, na kwa simu nyingi utalazimika kujumlisha mwenyewe. Tena orodha hiyo ina mpaka: kwa kawaida Android huhifadhi simu 500 hivi za mwisho kisha hufuta za zamani, kwa hiyo mfanyabiashara anayepiga na kupokea simu nyingi kila siku asitarajie kukuta humo hesabu ya miezi mitatu iliyopita.

iPhone hufanya tofauti kidogo. Ukifungua Mipangilio na kuingia sehemu ya mtandao wa simu, utakuta muda wa mazungumzo umeandikwa kwa namna mbili: muda wa kipindi cha sasa na muda wa tangu simu ilipoanza kutumika. Jambo ambalo watumiaji wengi hawalijui ni kwamba kipindi cha sasa hakianzi upya chenyewe kila mwezi, wala hakijui ulinunua kifurushi siku gani. Kinaendelea kuongezeka mpaka wewe mwenyewe ubonyeze sehemu ya kuweka takwimu upya iliyoko chini ya ukurasa huo. Asiyewahi kuibonyeza atakuta humo dakika za miaka. Zaidi ya hayo, jumla hiyo huchanganya simu ulizopiga na ulizopokea. Katika nchi kama Marekani, ambako kwa miaka mingi aliyepigiwa naye alikatwa dakika zake, jumla ya namna hiyo ilikuwa na maana ya moja kwa moja. Kwetu, ambako anayelipa ni aliyepiga, inabidi kutoa simu ulizopokea kabla ya kulinganisha na chochote.

Wenye simu ndogo za vibonye hawajaachwa nyuma katika jambo hili. Simu nyingi za Nokia za zamani zina, ndani ya orodha ya simu, sehemu ya muda wa mazungumzo inayotenga muda wa simu ya mwisho, muda wa simu zilizopigwa na muda wa zilizopokewa, pamoja na uwezo wa kurudisha hesabu kwenye sifuri. Kwa kazi hii moja, simu hizo ni wazi kuliko nyingi za kisasa.

Hesabu ya pili ndiyo yenye nguvu, nayo haiko mkononi mwako. Iko katika mitambo ya kampuni ya mtandao. Unapobonyeza kupiga, mtambo huo huangalia kwanza una salio gani na namba unayoipigia ni ya wapi, kisha hutenga sehemu ndogo ya salio lako kwa ajili ya mwanzo wa mazungumzo. Sehemu hiyo inapokaribia kwisha, hutenga nyingine, na nyingine tena, mpaka mmoja akate au salio liishe, na likiisha mazungumzo hukatika katikati ya neno. Kila simu huacha kumbukumbu: namba iliyopiga, namba iliyopigiwa, saa ya kuanza, muda, na mnara uliobeba mazungumzo. Kampuni hukata kutokana na kumbukumbu hiyo, na haiombi simu yako iseme ilihesabu nini.

Tofauti kubwa kati ya hesabu hizi mbili hutokana na kipimo. Simu yako huandika sekunde jinsi zilivyo. Mtandao unaweza kukata kwa sekunde, au unaweza kukata kwa dakika nzima, kulingana na bei au kifurushi ulichochagua. Anayekata kwa dakika nzima anafanana na muuza maharage wa sokoni asiyekubali kuuza chini ya kopo zima la gigozi, lile kopo la maziwa ya unga linalotumika kupimia: ukishachota hata kiganja kimoja kutoka kopo la pili, umelinunua lote, na kilichobaki ndani yake hukibebi kwenda nacho nyumbani.

Tuchukue mfano wa mama anayeuza vitenge katika mtaa wa Birere, mjini Goma, ambaye asubuhi amenunua kifurushi cha dakika 10 kinachokatwa kwa dakika nzima. Simu yake ya kwanza ilichukua sekunde 42. Ya pili ilichukua dakika 1 na sekunde 3, ya tatu dakika 2 na sekunde 1. Ya nne alimpata mteja wake akiwa kanisani, wakaagana baada ya sekunde 7. Ya tano ilikatika yenyewe ilipofika dakika 3 kamili, kwa kuwa kifurushi kilikuwa kimekwisha. Akijumlisha kwenye kioo cha simu atapata dakika 6 na sekunde 53. Mtandao, kwa upande wake, umehesabu dakika 1, dakika 2, dakika 3, dakika 1 na dakika 3, ambazo ni dakika 10 barabara. Dakika 3 na sekunde 7 anazozililia zimemezwa na vipande vya mwisho vya simu nne za kwanza. Simu ya pili na ya tatu peke yake, ambazo zilipita mpaka wa dakika kwa jumla ya sekunde nne tu, zilimpotezea sekunde 116, yaani karibu dakika mbili nzima.

Hakuna aliyemwibia kwa maana ya wizi. Lakini naona pia kwamba si haki kumwuzia mtu kifurushi bila kumwambia waziwazi, kwa lugha anayoisoma, kwamba kinakatwa kwa dakika nzima. Maneno hayo mara nyingi hayapo katika tangazo linalobandikwa kwenye kabini, na mnunuzi anabaki kuamini kwamba dakika kumi ni sekunde 600 za mazungumzo.

Anayetaka kujua laini yake inakatwa vipi anaweza kujipimia mwenyewe kwa gharama ndogo. Uliza salio na uandike namba iliyotoka. Piga simu kwa mtu mliyekubaliana naye, ndani ya mtandao huohuo, na ukate inapofika sekunde 55. Uliza salio tena. Kisha piga mara ya pili kwa mtu huyohuyo, saa hiyohiyo, ukate kwenye sekunde 65, na uulize salio kwa mara ya tatu. Ikiwa simu ya pili imekata mara mbili ya ile ya kwanza, unakatwa kwa dakika nzima. Ikiwa imekata zaidi kidogo tu, unakatwa kwa sekunde. Jaribio hilo lifanywe intaneti ikiwa imezimwa, kwa sababu mega zikikatwa kwenye salio kuu wakati uleule zitaharibu matokeo yote.

Ukishaelewa kipimo, mambo mengine mengi yanajieleza. Simu inayokatika na kupigwa tena ni simu mbili, na kila moja inapandishwa hadi dakika yake. Katika mji ambao mawasiliano hudhoofika mara kwa mara, jambo hili pekee linaweza kumaliza kifurushi cha watu wanaozungumza kidogo. Vilevile, mnapoanza kusema “halo, halo, hunisikii?” bila sauti kupita, muda unaendelea kuhesabiwa, kwenye simu na kwenye mtambo, hadi mmoja akate, ukimya hauusimamishi mtambo. Na simu inayopokewa na sanduku la sauti imepokewa, kwa hiyo inakatwa, hata kama hukuacha ujumbe wowote. Kubipa nako ni bure mradi tu unayembipa asipokee kwa haraka kuliko ulivyotarajia.

Kuna sababu nyingine za uniti kupungua ambazo hazihusiani na mazungumzo kabisa, na ambazo hutazipata kwenye orodha ya simu hata ukiisoma kwa miwani. Kubwa kuliko zote ni intaneti. Mega zinapokwisha na simu ikiwa bado imewashwa data, programu zinazojisasisha nyuma ya pazia zinaweza kuendelea kula salio kuu, kwa bei iliyo juu kuliko ya kifurushi. Anayeweka uniti kwa ajili ya kununua dakika afadhali azime data kwanza, anunue kifurushi, ahakikishe ujumbe wa uthibitisho umefika, ndipo aiwashe tena. Sababu ya pili ni mkopo wa uniti uliochukuliwa usiku na kusahaulika, ambao hulipwa wenyewe, pamoja na ada yake, mara tu unapoweka uniti mpya. Ya tatu ni huduma za kujiunga, kama vile milio ya kuitikia, habari za michezo au nyota, zinazokata kidogo kila siku hadi uzisimamishe.

Simu za WhatsApp zinaleta mkanganyiko wa peke yake. Kwenye simu nyingi, hasa iPhone, mazungumzo ya WhatsApp huonekana katika orodha ileile pamoja na simu za kawaida, na mtu huyajumlisha humo. Mazungumzo hayo hayatumii dakika hata moja, yanatumia mega. Matumizi yake huonekana ndani ya WhatsApp yenyewe, kwenye Mipangilio, kisha Hifadhi na data, kisha Matumizi ya mtandao, ambako simu zilizopigwa na kupokewa zimeandikwa pamoja na kiasi cha data zilichotumia. Na hapa aliyepigiwa naye hutumia mega zake, jambo ambalo wanaopigiwa simu za video na ndugu walioko Ulaya wanapaswa kulikumbuka.

Halafu kuna mpaka. Goma na Gisenyi ya Rwanda zimeshikana, na mawimbi ya minara hayasimami kwenye barrière, yaani kizuizi cha mpakani, kuonyesha kitambulisho. Ukiwa Birere au karibu na Petite Barrière, mtandao wako ukidhoofika, simu inaweza kushika mnara wa Rwanda ikiwa laini yako inaruhusiwa kutumika nje ya nchi. Jina la mtandao juu ya kioo hubadilika, na mara nyingi herufi R hujitokeza kando ya alama ya mawimbi. Kuanzia hapo wewe ni msafiri, ingawa hujaondoka kwenye kiti chako: bei za ndani ya nchi hazikuhusu tena, kifurushi chako huenda kisitumike, na hata kupokea simu kunaweza kukukatia uniti. Wengi hudhani kwamba kuzima data ya ugenini kunatosha. Swichi hiyo huzuia intaneti tu, haizuii mazungumzo. Kinachosaidia ni kuingia katika mipangilio ya mitandao, kuondoa uchaguzi wa kujiendesha, na kuchagua mtandao wako mwenyewe kwa mkono. Watu wa Bukavu walioko karibu na mto Rusizi wanaijua shida hiyohiyo.

Kosa linalofanana na hilo ni kuamini kwamba jina moja la kampuni ni mtandao mmoja. Airtel ipo Kongo na Airtel ipo Rwanda, lakini namba inayoanza na +250 ni simu ya nje ya nchi hata kama anayeipokea anauza nyanya umbali wa dakika tano kwa miguu. Dakika za ndani ya mtandao haziihusu, isipokuwa kifurushi kimeitaja Rwanda kwa jina.

Saa ya kwisha kwa kifurushi nayo inastahili kuangaliwa. Kifurushi cha saa 24 huhesabiwa tangu dakika ulipokinunua, ilhali kifurushi cha siku kinaweza kwisha usiku wa manane hata kama ulikinunua jioni. Goma na Lubumbashi ziko mbele ya Kinshasa kwa saa moja, kwa hiyo ujumbe ukitaja saa sita za usiku, una haki ya kuuliza ni za mji gani. Wale wanaorudisha saa ya simu nyuma wakitumaini kuurefusha muda wanajisumbua bure, kwa kuwa mtambo una saa yake na hausomi ya kwako. Kufuta orodha ya simu au kuirudisha simu katika hali ya kiwandani hakurudishi dakika pia. Kunafuta ushahidi wako tu.

Ni kweli kwamba watu wa nchi hii wana sababu ya kuwa na shaka kila salio linapopungua. Mwaka 2020 serikali ilianzisha rejista ya simu iliyojulikana kwa jina la RAM, na ada yake, dola 1 kwa mwaka kwa simu za 2G na dola 7 kwa simu za 3G na 4G, ikakatwa moja kwa moja kwenye uniti za watumiaji. Mtu aliweka uniti, akaona zimepungua kabla hajapiga popote, na hakuna orodha ya simu iliyoweza kumweleza kwa nini. Baada ya malalamiko mengi, ada hiyo iliondolewa mwaka 2022. Leo bado utasikia watu wakisema kwamba kila uniti inayopotea ni RAM. Ada hiyo haipo tena, na anayeilaumu huacha kuitafuta sababu halisi, ambayo mara nyingi ni data au mkopo.

Jambo moja la tahadhari kuhusu programu zinazojitangaza kuwa zitakuhesabia dakika. Ili zifanye kazi hiyo, lazima uziruhusu kusoma orodha yako yote ya simu: unampigia nani, saa ngapi, kwa muda gani. Google ilibana ruhusa hiyo kwenye duka lake la programu tangu mwaka 2019 ili kulinda faragha ya watumiaji. Programu inayotumwa kwa WhatsApp kama faili, nje ya duka hilo, isiguswe kabisa. Katika mji wetu, orodha ya watu unaozungumza nao si kitu cha kumkabidhi mtu usiyemjua kwa ajili ya kujumlisha namba ambazo daftari na kalamu zinaweza kuzijumlisha.

Ikiwa, baada ya kupandisha kila simu hadi dakika yake, kuondoa simu ulizopokea na zile za WhatsApp, na kuhakikisha kwamba hakuna mkopo wala huduma ya kujiunga, bado hesabu haikubaliani, basi una malalamiko yenye miguu. Piga picha ya kioo kinachoonyesha ujumbe wa kununua kifurushi, picha ya majibu ya salio, na picha ya maelezo ya kila simu yenye saa na muda wake. Peleka picha hizo kwenye ofisi ya kampuni ya mtandao wako, uombe wafungue kumbukumbu za laini yako kwa saa hizo hasa, na uandike jina la aliyekuhudumia na namba ya malalamiko. Kampuni ikikataa kujibu, ARPTC ndiyo mamlaka inayosimamia mawasiliano nchini, na barua inayotaja saa ya kila simu, muda wake kwa sekunde na kiasi kilichokatwa ni vigumu kuipuuza kuliko ile inayosema tu kwamba mtandao umekula uniti.